Ukiambiwa "mfumo umekataa", nani hasa anatakiwa kukujibu?

Mdadisi wa Foleni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa kitu, na mnivumilie maana uzi utakuwa mrefu kidogo.

Siku hizi ukiomba kitu serikalini, iwe ruzuku, kibali, mkopo wa masomo, posho ya ulemavu, jibu linalokuja mara nyingi sio la mtu tena ni la mfumo. Dada yangu alikuwa anapokea msaada fulani, akaondolewa kwenye orodha, akaenda kuuliza. Aliyekaa dirishani akamgeuzia skrini aone mwenyewe maandishi mekundu, akamwambia mama hata mimi naona hivyo hivyo unavyoona wewe. Akapelekwa kwa bosi, bosi nae kasema subiri watu wa IT, watu wa IT wakasema sisi tunaangalia tu kama mtandao upo, waliotengeneza ni kampuni. Kampuni nayo haina dirisha la kwenda kupanga foleni.

Sasa maswali yangu ni haya: serikali inawajibika kukwambia kwamba ni mashine ndo iliyoamua? Na ikikwambia, unatakiwa kuonyeshwa nini hasa, maana hata wakinipa huo msimbo wa programu wenyewe kurasa elfu mimi nitaufanyia nini? Halafu kuna yeyote duniani aliyewahi kulifanya hili jambo vizuri au wote wanababaisha? Sitaki siasa za chama gani, nataka kuelewa jambo lenyewe.

---

sina_jina

Nimekaa siti ya mbele, wenye madini washushe.

---

Mzee wa Seva

Mkuu mimi nimefanya kazi ya kujenga mifumo ya aina hii miaka mingi, wapi haina haja. Nianze kwa kukutoa hofu moja ili nikuingize nyingine kubwa zaidi.

Watu wakisikia mashine inaamua wanawaza akili mnemba, roboti, vitu vya kwenye sinema. Asilimia kubwa ya mifumo ya serikali inayoumiza watu haina akili yoyote ndani, ni kanuni mbili tatu na hesabu ya kugawanya. Mfano mzuri kabisa ni Australia, ule mpango waliouita Robodebt, ulianza kwa nguvu 2016. Msaada wa wasio na ajira kule ulikuwa unahesabiwa kwa kila wiki mbili, unatangaza ulichopata wiki mbili hizo, wanakulipa kulingana na hicho. Idara ya kodi yenyewe ilikuwa na kipato chako cha mwaka mzima. Basi wakachukua kile cha mwaka wakagawanya kwa 26, wakalinganisha na ulichotangaza, pakiwa na tofauti unaandikiwa deni.

Sasa fikiria mtu kafanya kazi nusu mwaka tu, anapata dola 2,000 kila wiki mbili, jumla 26,000, halafu kazi ikaisha akaenda kuomba msaada kihalali kabisa akitangaza sifuri. Mashine inagawanya 26,000 kwa 26 inapata 1,000, inasema wewe mwaka mzima ulikuwa unapata 1,000 kila wiki mbili na ulitudanganya, lipa. Hiyo ndo akili yote iliyokuwemo mule, hesabu ya darasa la nne. Mwanzoni kulikuwa na afisa anayepiga simu kwa mwajiri kuhakikisha kabla ya kumdai mtu, huyo wakamtoa, na mzigo wakamhamishia mwananchi, yaani wewe ndo utafute hati za mshahara za miaka mitano sita iliyopita kuthibitisha kwamba hudaiwi. Kampuni yenyewe labda ilishafungwa.

Novemba 2019 serikali ikakubali mahakamani kwamba deni la namna hiyo halikuwa halali kisheria. Mwaka uliofuata wakatangaza kurudisha pesa kwenye madeni kama 470,000, dola milioni 721. Tume ya kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, ikamaliza kazi Julai 2023, na kilichoonekana mule kinauma, kwamba tangu 2014 kabla mpango haujaanza wanasheria wa ndani ya wizara walishaandika kuwa hii njia haiendani na sheria. Karatasi ilikuwepo. Ikakaa.

Kwa hiyo kuhusu swali lako la msimbo, jibu langu ni kwamba hapo usingekusaidia kitu. Ungekusaidia mstari mmoja wa maneno ya kawaida: "tunachukua kipato cha mwaka tunagawanya kwa 26". Mstari huo ungebandikwa hadharani siku ya kwanza, mhasibu yeyote wa duka angesimama kupinga kabla ya chai ya saa nne.

---

Mtetezi wa Mwisho

Mimi nitaenda kinyume na nyie na mnishambulie tu nimezoea. Kila siku malalamiko kuhusu mfumo mfumo mfumo, mmesahau enzi za karani? Karani alikuwa anaangalia jina lako, kabila lako, umevaaje, una "chochote" mfukoni. Faili lako linapotea mpaka utoe kitu. Mfumo hauna shemeji wala haupokei bahasha. Kama mna kichefuchefu na mashine basi rudini kwa binadamu muone.

Halafu hili la uwazi mnalitamka kirahisi sana, ukishaweka hadharani jinsi unavyowakamata wadanganyifu si umewafundisha jinsi ya kukwepa? Polisi hawatangazi doria yao inapita wapi saa ngapi. Serikali lazima ibaki na siri fulani za kazi ndugu zangu.

---

Bi Hoja

@Mtetezi wa Mwisho hoja yako ya karani nakubaliana nayo nusu, mimi mwenyewe nimeteswa na makarani. Ila kaka, mfumo kutopokea bahasha haina maana hauna upendeleo. Upendeleo unaingia mapema, pale mtu anapochagua vigezo, halafu unatumika kwa maelfu kwa usiku mmoja bila hata aibu ya kukuangalia usoni.

Uholanzi ndo mfano wake. Kulikuwa na posho ya kulipia malezi ya watoto, mamlaka ya kodi ikaweka modeli, yaani hesabu ya kompyuta, ya kupanga nani achunguzwe kwanza, na kigezo kimojawapo kilikuwa kama mtu ni raia wa Uholanzi au sio. Kipato kidogo nacho kilikuongezea alama za hatari. Ukishaangukia upande huo, kosa dogo kwenye fomu, sahihi iliyokosekana, unaambiwa rudisha posho yote ya miaka, makumi elfu ya euro. Zaidi ya wazazi 20,000. Watu wamevunja ndoa, wamepoteza nyumba. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021 kwa ajili ya hilo, na mwisho wa mwaka huo mamlaka ya ulinzi wa data ikaipiga ile ya kodi faini ya euro milioni 2.75 kwa kutumia uraia wa watu kinyume na sheria.

Na sasa ndo nije kwenye siri za kazi unazozitetea. Wale wazazi waliomba mafaili yao wajue walikosea wapi. Walichopewa ni kurasa na kurasa zilizopakwa wino mweusi juu mpaka chini, nyingine hata neno moja halisomeki, mpaka picha zake zikafika bungeni. Sasa niambie, ile siri ilikuwa inamlinda nani pale? Mdanganyifu angejifunza nini kutoka kwenye faili la mama aliyesahau kuweka sahihi?

Kuhusu kukwepa, angalia ni vigezo gani. Mji wa Rotterdam ulikuwa na modeli yake ya kuchagua nani kwenye orodha ya msaada achunguzwe, waandishi wa habari waliipata yote wakaichambua 2023, ilikuwa na vigezo 315. Ndani yake kulikuwa na umri, jinsia, kama una watoto, unavyojua lugha yao. Mtu anakwepaje umri wake? Atapunguza miaka? Kuna siri za kweli, mfano kiwango cha muamala kinachoamsha kengele, hicho mimi sikatai kifichwe. Lakini uraia, jinsia na lugha vinafichwa kwa sababu vikitoka nje havitetereki kutetewa.

---

Mtetezi wa Mwisho

Dah. "havitetereki kutetewa" ulitaka kusema havitetewiki nadhani lol. Sawa hoja ya umri nimeielewa. Ila bado sijasikia jibu la rushwa ya karani.

---

Bi Hoja

Ndio hiyo hiyo, vidole vimezidi kasi. Rushwa ya karani dawa yake ni rekodi, kwamba kila uamuzi uwe na alama nani kafanya nini lini kwa sababu gani. Hicho kitu mfumo unaweza kukifanya vizuri kuliko daftari, tatizo mara nyingi jicho la mfumo linamwangalia mwananchi tu, wa ofisini wenyewe haliwaangalii.

---

Wakili Kijiweni

Naomba niingie kwenye swali la kwanza la mleta uzi maana limerukwa, serikali INAWAJIBIKA kukwambia au hapana.

Inategemea upo chini ya sheria ipi lakini wazo la msingi limeenea sana siku hizi. Ulaya wana ibara ya 22 ya kanuni yao ya data iliyoanza kutumika Mei 2018, inasema una haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mashine peke yake, na pale inaporuhusiwa uweze kupata mtu, useme upande wako na uupinge. Kenya kifungu cha 35 cha sheria ya data ya 2019 kinakwenda njia hiyo hiyo na kinaongeza kitu kizuri, kwamba uamuzi ukishafanywa na mashine peke yake unatakiwa ujulishwe kwa maandishi na unaweza kuomba ufikiriwe upya. Tanzania nayo kwenye sheria ya 2022 imeweka haki inayohusu maamuzi ya kiotomatiki. Ufaransa wamekaza zaidi upande wa serikali, sheria yao ya 2016 inataka barua yenyewe ya uamuzi iseme kwamba algoriti (kanuni za hesabu ambazo mashine inafuata) imetumika na ukiomba uelezwe kanuni kuu zake, na tangu Julai 2020 uamuzi uliofanywa na mashine tupu bila hayo maneno kwenye barua unaweza kufutwa. Hapo ndo utaona sheria yenye meno, maana ofisi inapoteza kitu ikinyamaza.

Sasa mtego uko wapi. Hayo maneno mawili, "peke yake". Ofisi ikitaka kukwepa inaweka mtu mmoja wa kubonyeza "kubali". Mashine inatoa alama, jamaa ana mafaili mia mbili kwa siku, anabonyeza, anabonyeza, jioni anakwenda zake. Ukilalamika wanakwambia uamuzi ulifanywa na binadamu, sheria haikuhusu. Mahakama ya Ulaya iliona huo mchezo Desemba 2023 kwenye kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayotoa alama za kukopesheka, ikasema kama alama ndo inayobeba uamuzi kwa kiasi kikubwa basi kutoa alama kwenyewe tayari ni uamuzi. Ni hukumu nzuri ila ni ya kule, kwingine bado unabishana.

Kwa hiyo usiulize tu "kuna mtu aliyepitia?" Uliza alitumia muda gani, alikuwa na nini mezani zaidi ya ile alama, na tangu mwaka uanze amewahi kuikatalia mashine mara ngapi. Kama ni sifuri basi huyo ni mhuri tu.

---

mwl_wa_zamu

mimi sio mtu wa IT wala sheria ni mwalimu ila naomba niongeze la mitihani maana linaonyesha kitu ambacho hamjakigusa, uwazi unaokuja umechelewa

uingereza 2020 mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona, walimu wakaambiwa wakadirie alama za wanafunzi wao, halafu Ofqual, msimamizi wa mitihani wa england, ikapitisha hayo makadirio kwenye algoriti iliyoangalia shule yako miaka ya nyuma ilifanyaje. matokeo yakatoka agosti 13, kwa upande wa england karibu asilimia 40 ya alama za A-level (mitihani ya kuingilia chuo) zilikuwa chini ya alizokadiria mwalimu. mtoto mwenye akili kwenye shule ambayo haijawahi kutoa alama ya juu kabisa anabanwa na historia ya watu hata hawajui, na wakati huo huo somo lenye wanafunzi wachache sana darasani liliachiwa alama za mwalimu kwa sababu takwimu hazitoshi, na vidarasa vidogo vidogo unajua viko shule gani, za kulipia

sasa sikilizeni, walitoa maelezo. tena ripoti ya kiufundi ya kurasa zaidi ya 300. ila iliwekwa hadharani siku ile ile ya matokeo. mzazi asome kurasa 300 asubuhi na nafasi ya chuo inapotea mchana?? siku nne baadae wakaifuta algoriti wakarudi kwenye alama za walimu, na kilichoifuta haikuwa ile ripoti, ni watoto waliojaa barabarani na mabango

kwa hiyo wakisema tumechapisha muulize lini, na mliipa watu muda wa kusema kitu kabla au mliweka tu ili mseme mmeweka

---

sina_jina

Mwalimu umeua. Hii ya kuweka siku ile ile ni ujanja mkubwa sana asee

---

Mdadisi wa Foleni

Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote mara mbili. Sasa mnanipeleka sehemu ngumu. Tuseme nimekubali sihitaji msimbo, nahitaji kanuni kwa maneno. Ofisi ikiniambia "hiyo ni mali ya kampuni, ni siri ya biashara"? Maana hilo ndo jibu dada alilopewa mwisho wa safari. Na pili mnasema usimamizi, nani anasimamia hasa? Bunge, mkaguzi, mahakama? Naona kila mmoja anasubiri mwenzake.

---

Wakili Kijiweni

Siri ya biashara, mahakama zimeenda pande mbili, ngoja nikupe zote za Marekani.

Wisconsin 2016, kesi ya Loomis. Jamaa alihukumiwa na hakimu akiwa na ripoti ya COMPAS, programu inayotabiri kama mtu atarudia kosa, na jinsi inavyopima ni siri ya kampuni. Mahakama kuu ya jimbo ikasema inaruhusiwa, ila ripoti ije na maonyo na isiwe ndo sababu kuu ya kifungo. Kwa maoni yangu onyo juu ya kitu usichoweza kukifungua halina uzito wowote, hakimu ameshaona neno "hatari kubwa", utamwambia alisahau?

Upande mwingine Houston 2017. Walimu walikuwa wanapimwa kwa alama za kompyuta zilizotengenezwa na kampuni, wanaweza kufukuzwa kwa alama hizo, na hakuna mwalimu wala hata uongozi wa shule uliyeweza kurudia ile hesabu kuona kama ni sahihi. Jaji wa shirikisho akasema kesi iendelee, kwa sababu mtu hawezi kunyang'anywa kazi na serikali kwa namba ambayo hana njia ya kuihakiki. Hakuilazimisha kampuni kumwaga siri zake, alichosema ni kama serikali inataka kubaki na siri basi itafute njia nyingine ya kupima watu. Mwaka huo huo wakamalizana, wilaya ikakubali kuacha kutumia alama hizo kufukuza walimu wasioweza kuzihakiki. Hiyo ndo hoja ya kwenda nayo. Kampuni ina haki ya siri yake, lakini serikali haikulazimishwa kununua kitu isichoweza kukieleza.

---

Mzee wa Seva

Wakili hapo kwenye kununua umegonga penyewe. Mkuu mleta uzi, vita vingi vya uwazi vinapotea siku ya kusaini mkataba, mwananchi anakuja kuhangaika miaka minne baadae. Nimeona mikataba inayosema data ni ya serikali lakini haisemi neno kuhusu kumbukumbu za maamuzi. Matokeo yake serikali yenyewe ikitaka kujua kwa nini mtu alikataliwa inaandikia barua kampuni na inatozwa hela kujibiwa. Unalipa kujua ulichoamua mwenyewe!

Kitu cha kudai kwenye mkataba ni kila uamuzi uhifadhiwe pamoja na data iliyoingia, toleo la kanuni lililokuwa linatumika siku hiyo, na aliyeidhinisha. Kwa nini toleo? Kwa sababu kanuni zinabadilishwa bila kelele. Umekataliwa Machi, Mei wamerekebisha, Juni unakata rufaa wanapitisha jina lako tena kwenye mfumo wa Juni wanakwambia mbona iko sawa. Kosa la Machi halionekani popote. Hiki ni kitu kidogo sana kiufundi, ni safu mbili tatu kwenye kanzidata, na karibu hakuna anaekiomba.

Kuhusu nani anasimamia, kuna hili la Robodebt sikulisema juu. Kule kulikuwa na msimamizi, ofisi ya Ombudsman, mchunguzi wa malalamiko ya wananchi, alichunguza na akatoa ripoti 2017. Tume ilikuja kugundua kwamba idara zilimpotosha, hazikumpa picha kamili ya ule ushauri wa kisheria wa mwanzo. Kwa hiyo usimamizi upo kwenye karatasi lakini msimamizi anategemea bahasha anayopewa na anayemsimamia. Msimamizi asiye na haki ya kuingia mwenyewe kwenye seva akachota mafaili mia bila kuchaguliwa, huyo ni mgeni rasmi.

---

Bi Hoja

Na mpeni mahakama sifa zake hapo. Uholanzi hiyo hiyo walikuwa na mfumo mwingine, SyRI, unaunganisha data za mtu kutoka idara mbalimbali kutafuta nani anaweza kuwa mdanganyifu. Mashirika ya raia yakaenda mahakamani The Hague, Februari 2020 jaji akaisimamisha, na sababu kubwa ilikuwa hii tunayoijadili, kwamba sheria iliyoiruhusu haikuwa na uwazi wa kutosha na hakuna anayeweza kuhakiki inafanya nini. Serikali ilikataa kuonyesha modeli ikashindwa kwa sababu ya kukataa. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwanza kwamba mashine ina makosa, na hilo naliona kubwa kuliko yote kwenye huu uzi.

Maana angalia Michigan, Marekani, walivyofanya. Mfumo wao MiDAS, 2013 hadi 2015, unashika "wadanganyifu" wa mafao ya kukosa ajira. Maswali unatumiwa kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo ulishaacha kuifungua maana mafao yalikwisha, usipojibu ndani ya siku kumi umeshakuwa mwizi, unadaiwa hela yote na faini mara nne yake. Idara ya jimbo yenyewe ilipokuja kupitia maamuzi zaidi ya 22,000 ambayo mashine ilifanya bila mtu ikakuta asilimia 93 sio sahihi. 93! Ungerusha shilingi juu ungewatendea haki zaidi. Na muda wote huo aliyetakiwa kuthibitisha ni yule aliyekamatwa.

---

Mtetezi wa Mwisho

Hiyo 93 imenivunja nguvu sikatai. Lakini mniambie basi nani amefanya vizuri maana mleta uzi aliuliza na mmempa makaburi tu. Msije mkasema "wote wabaya" halafu mkafunga uzi.

---

Wakili Kijiweni

Haki yako. Kanada ndo wanaotajwa sana kwa ngazi ya shirikisho. Wana agizo la 2019, idara kabla ya kuwasha mfumo inajaza dodoso la athari, linatoa ngazi ya kwanza hadi ya nne kulingana na uzito wa madhara kwa mtu, na matokeo ya dodoso yanachapishwa. Ngazi ya tatu na nne mashine hairuhusiwi kutoa uamuzi wa mwisho, lazima awepo mtu, na ukikataliwa unapewa sababu zenye maana. Udhaifu wake, idara inajijazia yenyewe, na majimbo hayaguswi.

Amsterdam na Helsinki walifungua rejista za algoriti Septemba 2020, unaingia unasoma mji unatumia nini na nani wa kumuuliza. Uingereza wana utaratibu wa kuandikisha algoriti za serikali tangu 2021, kilipokuwa cha hiari idara ziliandikisha kwa kudokoa dokoa, 2024 ndo wakasema wizara ni lazima. Rejista nazipenda lakini usizilewe, anayejiandikisha anaandika anachotaka kusema. Ule mfumo unaoumiza kuliko yote mara nyingi ni faili la Excel kwenye kompyuta ya mtu mmoja na halipo kwenye rejista yoyote kwa sababu hakuna aliyeliita algoriti.

---

Mdadisi wa Foleni

Hilo la Excel limenichekesha halafu limeniogopesha. Sasa kwa vitendo, wiki ijayo tunaandika barua. Niweke nini? Sitaki barua ya kulia lia.

---

Mzee wa Seva

Iwe fupi ukurasa mmoja. Taja uamuzi kwa tarehe na namba yake, halafu uliza kama ulitolewa na mfumo, wote au sehemu. Omba data zote kuhusu dada yako zilizotumika siku hiyo na zilitoka idara gani, hapa ndo makosa mengi hukutwa, jina limefanana na la mtu mwingine, tarehe ya kuzaliwa imegeuzwa, kipato cha marehemu mume bado kinahesabiwa. Omba kanuni iliyomkataa kwa maneno ya kawaida na sheria inayoiruhusu hiyo kanuni, hilo la sheria usilisahau, Robodebt ilianguka hapo hapo. Uliza ni afisa yupi kwa cheo ana mamlaka ya kuubadilisha uamuzi. Na omba malipo yarudi au deni lisimame wakati rufaa inasikilizwa, maana mtu akishakatwa miezi sita hata akishinda ameshauza kila kitu.

Usiandike neno "algoriti" wala "akili mnemba", watakurushia idara ya IT. Andika "uamuzi". Uamuzi una mwenyewe.

---

Wakili Kijiweni

Niongeze moja tu hapo kwa Mzee. Omba pia toleo la kanuni lililokuwa linatumika tarehe ile, kama alivyoeleza juu. Wakiwa nalo watoe. Wakisema hawana au hawakulihifadhi, mwombe afisa aandike hivyo na aweke sahihi na mhuri, msibishane nae hata kidogo, mwambieni asante. Ofisi iliyokiri kwa maandishi kwamba haiwezi kuonyesha iliamuaje itakuwa na kazi ngumu sana mbele ya anayesikiliza rufaa.

---

mwl_wa_zamu

na mpeleke nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani, maana barua nazo mfumo huwa hauzioni